Samaki Apandaye Kuvuta Pumzi: Somo Lililonigharimu Samaki Wawili

Mhariri wetu aliniomba niandike ukurasa mmoja au miwili kuhusu fani yangu. Nikamwuliza, "Sasa nani atasoma habari za samaki wa kwenye tangi?" Akanijibu, "Wewe andika, atakayechoka ataruka ukurasa." Basi naandika. Walio kwenye sheria na biashara wasiniruke haraka, maana mwisho wa habari hii si samaki peke yake. Ni habari ya jinsi mtu anavyoweza kutazama kitu kwa macho mawili mazima na bado asikione.

1. USIKU ULE WA JANUARI

Januari 2023 ilinikuta nina miezi minne tu hapa Uingereza. Kama wengi wenu, nilikuwa natafuta kibarua, maana hela ya nyumbani ukishaibadilisha kuwa pauni inajaa kiganja kimoja. Idara yetu ya zoolojia ina chumba cha matangi ya samaki. Msimamizi wake, ambaye sisi tunamwita Mzee wa Matangi, alikuwa anatafuta mwanafunzi wa kulisha samaki jioni na siku za mwisho wa wiki. Nikaomba, nikapewa. Nilijiona nimeula.

Kwenye tangi la pembeni walikuwamo samaki wadogo kumi na wawili, wanene wanene, wenye sharubu fupi na rangi ya shaba. Kwenye kioo ilibandikwa karatasi: Corydoras aeneus. Mimi nilikuwa nawaita koridorasi wa shaba, na hapa nitaendelea kuwaita hivyo.

Jumamosi moja usiku nilikuwa peke yangu mle ndani. Nikaona samaki mmoja anachomoka kutoka chini kama mshale, anafika juu, anameza kitu, anarudi chini. Baada ya muda kidogo, mwingine. Kisha wawili. Nikashtuka. Nikasema, jamani, hewa imekwisha humu majini, hawa wanakufa! Nikampigia Mzee simu, haikushikwa. Nikaona nisingoje. Nikachukua mpira, nikatoa nusu ya maji, nikajaza ndoo kwenye bomba na kumimina. Maji ya bomba ya Januari mnayajua. Wale samaki wakatulia chini kimya, hakuna aliyepanda tena. Nikajipongeza. Nikarudi bwenini, nikapika ugali wangu wa semolina, nikalala usingizi mzuri kabisa.

Asubuhi wawili walikuwa wamekufa.

Mzee alipofika hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti chake, akaniambia, "Kijana, niambie uliona nini." Nikasema, "Niliona wanakosa hewa." Akasema, "Hapana. Hicho ndicho ulichofikiri. Uliona nini?" Nikanyamaza kidogo, kisha nikasema, "Niliona wanapanda juu, wanameza, wanashuka." Akasema, "Sasa tunaelewana."

Akanieleza makosa yangu. Maji ya bomba yanatiwa klorini ili binadamu asiugue, lakini klorini hiyo hiyo inaunguza matamvua ya samaki. Kabla ya kuyamimina ndani ya tangi lazima utie dawa ya kuiondoa, na uyapashe joto yakaribiane na yale ya mwanzo. Kile nilichokiita utulivu kilikuwa mshtuko. Na kule kupanda juu, ambako mimi nilikuona ni kukata roho, ilikuwa pumzi ya kawaida tu. Samaki hawa hupanda kuvuta hewa hata maji yakiwa mazuri.

Aibu yangu ilikuwa mara mbili, kwa sababu mimi ni mtoto wa Mwanza. Nimekua nikiona kambare wamewekwa kwenye beseni sokoni, maji kiasi cha kufunika mgongo, na bado wazima tangu asubuhi hadi mchana. Mama aliniambia nikiwa mdogo, "Huyo anapumua kama wewe." Nilikuwa najua! Lakini nilipoingia maabara ya Wazungu nikayaacha mlangoni niliyojua.

Mzee hakunifukuza. Alinipa adhabu moja: nimsome samaki huyu mpaka niweze kumfundisha mtu mwingine, halafu nitoe semina mbele ya darasa. Hayo yafuatayo ndiyo niliyoyapata.

2. SAMAKI MWENYEWE NI NANI?

Kwao ni Amerika ya Kusini, mashariki ya milima ya Andes, kuanzia Kolombia na kisiwa cha Trinidad hadi bonde la mto La Plata kule kusini. Anaishi kwenye vijito, madimbwi na kingo za mito yenye maji ya polepole, chini kwenye mchanga na tope, akipekua kwa sharubu zake kutafuta minyoo, viluwiluwi vya wadudu na mabaki. Ni mdogo: mkubwa kabisa hufika sentimita 6 au 7, yaani kama kidole chako cha kati, na jike huwa mnene kuliko dume.

Aliyemwandika kwanza kisayansi ni Mmarekani Theodore Gill, mwaka 1858, kutokana na samaki wa Trinidad. Gill alizaliwa mwaka 1837. Piga hesabu mwenyewe: alikuwa na miaka 21, umri wa wengi wetu tunaosoma jarida hili. Neno aeneus ni la Kilatini, maana yake "wa shaba". Jina Corydoras lilitungwa na Mfaransa Lacepède mwaka 1803 kutokana na maneno ya Kigiriki, na linasema habari ya kofia ya chuma na ngozi.

Kofia ya chuma inatoka wapi? Hapa tuelewane vizuri. Samaki huyu ni wa ukoo mkubwa wa kina kambare, na kambare, kama mnavyojua, hawana magamba. Huyu naye hana. Lakini badala ya ngozi tupu amevaa mabamba ya mfupa, safu mbili kila ubavu, yaliyopandana kama vigae vya paa. Kichwa nacho kimefunikwa mfupa. Juu ya hayo ana miiba migumu kwenye pezi la mgongoni na mapezi ya ubavuni, na anaweza kuikaza ikasimama wima. Aliyewahi kumshika gogogo wa Ziwa Victoria bila uangalifu hahitaji maelezo zaidi. Ndege akimmeza huyu, atajuta kooni. Tena karibu na mwiba wa ubavuni ana tezi yenye sumu. Kwa binadamu ni maumivu tu, lakini wafugaji wanajua kwamba ukiwabana wengi kwenye mfuko mmoja wakishtuka, wanaweza kujitilia sumu maji yao wenyewe.

Jambo moja la kuchekesha: samaki huyu anaweza kuteremsha jicho lake ghafla, ukaona kama anakukonyeza. Siku ya kwanza nilimsalimia.

Na jina lake je? Kwa miaka mingi spishi zaidi ya 160 ziliwekwa pamoja kwenye jenasi moja ya Corydoras. Mwaka 2024 wataalamu, wakitumia vinasaba na maumbile ya mifupa, waliigawanya jenasi hiyo, na rafiki yetu wa shaba akahamishiwa kwenye jenasi iitwayo Osteogaster, yaani "tumbo la mfupa". Kwa hiyo ukikuta kitabu cha zamani kinasema Corydoras na makala mpya inasema Osteogaster, usidhani ni samaki wawili. Ni mtu yule yule, kabadilishiwa pasipoti.

3. KWA NINI APANDE JUU?

Sasa tuingie kwenye somo lenyewe. Chukua lita moja ya hewa tunayovuta. Ndani yake mna kama mililita 210 za oksijeni. Chukua lita moja ya maji safi ya mtoni yenye joto la nyuzi 25, yaliyochanganyika vizuri na hewa. Humo mna kama mililita 6 tu. Yaani samaki, hata siku yake nzuri, anaishi na oksijeni kidogo sana ukilinganisha na mimi na wewe.

Halafu joto linaongeza tatizo. Maji yakipashwa moto hushika oksijeni kidogo zaidi. Maji baridi ya nyuzi 10 yanaweza kubeba kama miligramu 11 kwa lita. Ya nyuzi 30 yanabeba kama 7 na nusu. Ongeza majani yaliyoanguka yakaoza, na bakteria wanaoyaozesha wakila oksijeni ile ile. Ongeza kiangazi, kijito kinakatika vipande vipande, linabaki dimbwi la maji ya moto lenye samaki wengi. Samaki wa matamvua peke yake atafia hapo. Lakini juu ya maji, mahali pafupi tu, pana hewa isiyo na mwisho. Mwenye njia ya kuitumia ataishi.

Njia zipo nyingi. Kambare wetu ana kiungo maalumu juu ya matamvua chenye umbo la mti wenye matawi, na hapo ndipo hewa inapokutana na damu. Kamongo ana mapafu kabisa. Koridorasi anatumia utumbo. Ndiyo, utumbo.

Inakwenda hivi. Anapanda haraka, anameza hewa kwa mdomo, anashuka. Hewa inapita tumboni na kufika sehemu ya nyuma ya utumbo. Sehemu ya mbele inafanya kazi ya kusaga na kunyonya chakula kama kawaida, lakini ile ya nyuma ina ukuta mwembamba sana wenye vishipa vidogo vya damu vingi. Oksijeni inapenya pale na kuingia kwenye damu. Akimeza hewa mpya, ile iliyokwisha kutumika inatoka nyuma, kupitia tundu la haja. (Nilipofika hapa kwenye semina darasa zima lilicheka. Nilikuwa nimejiandaa, nikangoja wamalize.) Hewa ile ya tumboni pia inamsaidia mwili usiwe mzito majini, maana mabamba yote yale ya mfupa ni mzigo.

Kumbukeni jambo hili, ndilo lililoniua mimi: koridorasi hupanda hata oksijeni ikiwa tele majini. Haina maana kwamba kila anayepanda yuko taabani. Kinachobadilika ni idadi. Oksijeni ikipungua, anapanda mara nyingi zaidi. Kwa hiyo kumwona samaki anapanda hakukuambii kitu. Lazima uhesabu amepanda mara ngapi kwa muda gani, na ujue kawaida yake ni ipi. Mimi usiku ule sikuwa na hesabu yoyote, nilikuwa na hofu tu.

4. JE, WANAPANDA PAMOJA?

Hapa ndipo nilipokosea mara ya pili, na safari hii karibu nikosee mbele ya darasa zima.

Kupanda juu kuna gharama. Chini kwenye tope yeye ni rangi ya tope. Akichomoka juu, korongo aliyesimama ukingoni anamwona. Mwaka 1976 Donald Kramer na Jeffrey Graham walichapisha makala kuhusu samaki wanaovuta hewa, wakionyesha kwamba wengi wao hupanda kwa kufuatana kwa karibu, kama waliopeana ishara. Faida yake inaeleweka: mkipanda kumi kwa mara moja, ndege atamkamata mmoja, na uwezekano wa kuwa wewe unapungua. Anayepanda peke yake anajitangaza.

Niliposoma hivyo nilifurahi kupita kiasi. Niliona semina yangu imeshajiandika! Nilipanga kumaliza kwa maneno matamu: tazameni samaki hawa, wanavuta pumzi kwa umoja, na sisi wanafunzi wa kigeni tufanye hivyo hivyo, umoja ni nguvu. Nilikuwa nimeshaandika mpaka kipande cha kuikaribisha hadhira kwenye jumuiya yetu. Nikampelekea Mzee asome.

Akasoma mpaka mwisho. Akaniuliza, "Wako kumi pale chini. Umewahesabu?"

Sikuwa nimewahesabu.

Nikashuka na daftari na saa. Kila samaki akipanda, naweka mstari mbele ya sekunde yake. Nilikaa nusu saa, siku ya pili nusu saa nyingine, siku ya tatu tena. Nilipotandaza karatasi zangu mezani, mistari mingi ilikuwa imesimama peke yake. Kweli kulikuwa na mara mbili tatu ambapo watatu au wanne walifuatana, na kwa sababu inapendeza macho, hizo ndizo nilizokuwa nazikumbuka. Nyingine zote nilikuwa nimezisahau. Jicho langu lilikuwa linakusanya yale tu yanayolingana na hotuba yangu.

Nikarudi maktaba, nikakuta makala ya mwaka 2020 kuhusu spishi hii hii. Watafiti waliwaweka samaki saba saba, wakawapima kwenye maji yenye oksijeni kamili, kisha asilimia 60, kisha asilimia 20, na kwenye joto la nyuzi 25 na nyuzi 30. Oksijeni ilipopungua, samaki walipanda zaidi, mmoja mmoja na kikundi kizima. Hilo lilitarajiwa. Lakini walipopima kama wanapanda kwa pamoja, mara nyingi pumzi zao hazikuwa zimekusanyika. Kwa sehemu kubwa kila mmoja alipanda kwa wakati wake.

Basi hotuba yangu ikafa. Lakini makala ile ilikuwa na jambo jingine ambalo lilinifanya niisome mara mbili. Vikundi vilivyokuwa vinakaa karibu karibu katika shughuli zao za kawaida ndivyo vilivyovuta pumzi mara nyingi zaidi. Na ukipima kiasi cha oksijeni ambacho mwili wa samaki mmoja mmoja unahitaji, hakikukuambia atapanda mara ngapi akiwa ndani ya kikundi. Yaani alivyopumua hakukueleweka kwa kumpima yeye peke yake.

Je, hii inampinga Kramer na Graham? Si lazima. Wao walitazama samaki wa aina mbalimbali na katika hali nyingine. Inawezekana hatari ikiwa karibu mambo yanabadilika, inawezekana tangi si mto. Lakini mwanafunzi hana ruhusa ya kuchagua makala ile inayompendeza na kuificha nyingine mvunguni mwa kitanda. Zote mbili zinawekwa mezani.

5. KUGUSANA

Utafiti mwingine ulifanywa na wanasayansi wa Cambridge, ukatoka mwaka 2019. Hao walikuwa wanatazama jinsi koridorasi wa shaba wanavyokaa pamoja. Wakagundua wanagusana. Mmoja anamsukuma mwenzake kidogo kwa mwili, kama mtu anayekugusa bega ili muondoke. Miguso hiyo inawasaidia kwenda pamoja.

Walilinganisha samaki waliozoeana na wale ambao hawajawahi kuonana. Wageni nao waliweza kukaa pamoja, lakini iliwabidi kutumia miguso zaidi. Waliozoeana wanajuana, hawahitaji kuambiana sana. Wasiojuana wanalipia kwa kugusana zaidi.

Sitatoa hotuba. Nimeshachomeka mara moja. Nasema tu kwamba niliposoma hayo nilikuwa nimemaliza wiki tatu bila kuongea Kiswahili na mtu ana kwa ana, na jioni ile nilivaa koti nikaja kwenye mkutano wa jumuiya kwa mara ya kwanza. Kama ni kwa sababu ya samaki au ni kwa sababu mlitangaza kuna pilau, hilo nalo sijalipima.

6. HABARI YA UZAZI, KWA UFUPI

Hii naiweka kwa sababu inahusu utumbo ule ule. Kwao, mvua zikianza maji hupoa na kuongezeka, na samaki hawa huanza kutaga. Wafugaji huiga mvua kwa kubadilisha sehemu ya maji na kutia ya baridi kidogo (yaliyoondolewa klorini!). Wakati wa kutaga, jike huja na kuubandika mdomo wake kwenye ubavu wa chini wa dume, wakawa kama herufi T. Wakati huo huo anayashika mayai machache kwenye mapezi yake ya tumboni, yaliyokunjwa kama viganja.

Watu walijiuliza mayai yale yanarutubishwaje. Mwaka 1995 Masanori Kohda na wenzake wa Japani walionyesha kwamba jike anakunywa mbegu za kiume. Zinapita kwenye utumbo wake na kutoka nyuma, moja kwa moja kwenye mayai aliyoyashika. Walitia rangi ya bluu karibu na mdomo wa jike, ikatokea upande wa pili baada ya sekunde chache. Baadaye jike hubandika mayai kwenye jani au kioo, na baada ya siku kadhaa vifaranga hutoka.

Kwa hiyo utumbo wa samaki huyu wa sentimita 7 unasaga chakula, unavuta pumzi na kupitisha mbegu za uzazi. Mwenye kulalamika kwamba ana vibarua vingi na amfikirie huyu.

7. YA KUSHIKA

Nimejifunza mambo matatu, na yanafaa hata kwa wale wasioshika samaki.

Kwanza, kwenye daftari lako chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika ulichoona, kulia andika unachofikiri. Usiviache vikalala kitanda kimoja. Laiti usiku ule ningeandika "anapanda, anameza, anashuka" upande wa kushoto, labda upande wa kulia ningeandika zaidi ya jibu moja.

Pili, hesabu kabla ya kusema "mara nyingi" au "wote". Matukio yanayopendeza hukaa kichwani, ya kawaida hupotea. Karatasi haipotezi.

Tatu, usiyaache mlangoni uliyokuja nayo kutoka nyumbani. Mama yangu hakusoma zoolojia, lakini kuhusu kambare kupumua alikuwa sahihi, na kama ningemkumbuka usiku ule ningengoja kidogo kabla ya kushika ndoo. Nilipomwambia habari hii kwa simu alicheka, akaniuliza, "Na hao wawili mliwapika?"

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini maji ya dimbwi la kiangazi yana oksijeni kidogo kuliko ya kijito kinachotiririka? Toa sababu mbili.
2. Kambare, kamongo na koridorasi wote huvuta hewa. Kila mmoja anatumia kiungo gani?
3. Umeona samaki mmoja amepanda juu mara moja. Je, unaweza kusema maji yana upungufu wa oksijeni? Ungehitaji kujua nini zaidi?
4. Eleza tofauti kati ya matokeo ya mwaka 1976 na ya mwaka 2020. Kwa nini si haki kutaja moja tu?
5. Kaa kwenye basi au kwenye foleni ya kantini kwa dakika kumi. Chagua jambo moja unaloamini kuhusu watu wa mji huu, kwa mfano kwamba hawasalimiani. Hesabu. Kisha linganisha na ulichokuwa unaamini.

Swali la 5 nimelifanya mimi mwenyewe kwenye kituo cha basi mbele ya bweni letu. Jibu langu nitalisema kwenye mkutano ujao, na anayetaka kuwaona koridorasi aje Jumamosi jioni, mlango wa nyuma wa idara, aniite. Wako kumi, pamoja na wadogo waliozaliwa mwaka jana. Ila tafadhali, ndoo na bomba asiguse mtu.